Hita ya Kwa Muda Tu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilipenya chini ya mlango wa chumba cha mama mkwe, ikakata kona ya sebule na kumkuta fundi mezani, kikombe cha chai kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Mtu mwingine angedhani mkate umeungua. Lakini fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme, na pua yake ilizijua harufu za kazi hiyo kama mwalimu anavyowajua watoro wake. Waya ukiungua hunuka hivi, mota hunuka vile. Hii, iliyoanza na plastiki ikaishia na samaki aliyelala siku mbili, ilikuwa bodi, lile bamba la ndani linalogawa umeme.

Kabla hajasimama, mlango ulifunguka akatoka mama mkwe mwenyewe, blanketi mabegani, soksi jozi mbili miguuni, ameibeba hita mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayemrudisha kuku wa jirani.

"Mkwe," alisema, "mtu wako amekata roho."

"Umechomoa plagi, mama?"

"Nimeichomoa na nimeifokea."

Akaitua mezani, katikati ya mkate na sukari, kisha akakaa pembeni kusubiri, kwa sababu hakuwa na shaka hata chembe kwamba itatengenezwa. Hakuna kilichowahi kuingia mikononi mwa mkwewe kikashindikana. Kilichokuwa na mjadala ni hali ambayo kilitoka nayo.

Ukweli usemwe: mtaa mzima ulimwita Fundi Kwa Muda. Jina hakujipa. Lilitokana na kauli yake mwenyewe, kwamba akikosa kifaa kinachotakiwa huweka kinachokaribiana nacho na kumwambia mwenye chombo, "Hii itakusaidia kwa muda." Baadhi ya muda huo ulikuwa na miaka kumi na mmoja sasa. Nyumbani kwake friji ilifungwa kwa mkanda wa suti yake ya harusi. Taa ya bafuni iliwashwa kutokea jikoni, kwa hiyo mwogaji alilazimika kuelewana vizuri na mpishi. Redio ilisema vizuri mradi mtu mmoja aushike waya wake wa nyuma, na katika familia ile kusikiliza habari kulikuwa na zamu.

Na mama mkwe naye alikuwa pale kwa muda.

Alikuja na begi moja, paa la nyumba yake likiwa linabadilishwa, akasema atakaa wiki mbili. Hiyo ilikuwa misimu minne ya baridi iliyopita. Kila aliyemuuliza, awe jirani, daktari au mleta barua, alijibiwa vilevile: "Nipo kwa muda tu." Na aliuishi msimamo wake. Nguo zake hazikuwahi kuingia kabatini. Zilitoka begini zikarudi begini. Picha ya marehemu mumewe hakukubali itundikwe, maana mgeni hatoboi ukuta wa watu, basi mzee wa watu akawa amesimamishwa juu ya kiti, ameegemea ukuta, mwaka wa nne, kama mtu aliyeambiwa asubiri ataitwa.

Fundi alipoingia jikoni kuweka kikombe, mkewe alimfuata na daftari la mwanafunzi mkononi na kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa mwalimu, na hata alipomsikiliza mumewe alikuwa tayari kumsahihisha.

Fundi alinong'ona kwamba kwa harufu ile hita haina maisha, na kwamba mchana angepita dukani akanunue mpya, mambo yaishe. Mkewe akamtazama juu ya miwani.

"Umesahau godoro?"

Hakuwa amesahau. Mwaka juzi walimnunulia mama godoro jipya, wakiona lile la zamani limebonyea katikati kama mtumbwi. Aliliona, akashukuru, akaenda kufunga zipu ya begi lake. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, amevaa koti, akisema mtu anayenunuliwa godoro ni mtu aliyehamia, na yeye hakuhamia kwa mtu. Hakurudi ndani mpaka godoro liliporudi dukani.

"Ukimnunulia hita mpya ataondoka," mkewe alisema. "Atakwenda kulala kwenye nyumba yenye nusu paa, na magoti yale. Itengeneze hiyohiyo, bwana wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Fundi akasema ndiyo kazi yake. Akaiweka hita kwapani akatoka. Alipofika getini alisikia soksi jozi mbili zikiburuza viatu nyuma yake. Mama mkwe alikuwa anakuja pia. Chumba bila hita, alieleza, ni friji bila mkanda, na kwa vyovyote alitaka kuona.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha na rafu za pasi, feni na birika zilizokuwa zikisubiri zamu. Ukuta wa mbao uliitenga na chumba cha kinyozi. Mbao zile zilizuia nywele, hazikuzuia maneno. Mama mkwe alipewa kiti cha wateja, akajifunga blanketi, akatulia mkao wa mtu aliyelipa kiingilio.

Fundi alilegeza skrubu sita kwa bisibisi, akalitoa ganda la nyuma, akainamisha taa. Akaiona. Bodi ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani ya kikombe, na katikati ya doa, tundu. Vijia vya shaba vinavyopitisha umeme vilikuwa vimebanduka na kujikunja kama ndevu zilizopitiwa na moto wa kiberiti.

Hilo halikumshtua. Kilichomshtua kilikuwa pembeni kidogo ya tundu, mahali pa fyuzi. Pale palitakiwa pawe na fyuzi, kale kadude ka kioo kenye uzi ndani, kanakokatika kenyewe umeme ukizidi, ili kisiungue kingine. Hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha waya mwekundu wa kengele ya mlangoni, kimesokotwa mara tatu kuelekea kushoto.

Katika mtaa ule alikuwapo mtu mmoja tu aliyesokota waya kuelekea kushoto, na alikuwa ameshika bisibisi.

Yote yalimrudia. Misimu mitatu nyuma mama alilalamika kwamba hita haiwaki. Fyuzi ilikuwa imekatika. Ilikuwa Jumamosi, maduka ya vifaa yamefungwa, naye akaweka waya na kumwambia, "Itakusaidia kwa muda, mama. Jumatatu nitaleta fyuzi." Jumatatu ikaja na pasi ya mtu. Ikaja nyingine na feni. Waya ukakaa. Kisha siku moja umeme ulizidi, waya usiojua kukatika haukukatika, na bodi ndiyo iliyokufa badala yake.

"Kimya chako kirefu," mama mkwe alisema. "Ina nini?"

"Bodi imeungua, mama."

Akasimama, akaja, akalipapasa lile ganda la bati lililokuwa mezani. "Bodi ipi? Bodi hii hapa nzima. Haina hata mkwaruzo. Nimeifuta mwenyewe Ijumaa."

"Siyo hiyo ya nje, mama. Bodi ya ndani."

"Ina bodi mbili?"

"Moja tu. Hilo ni ganda."

"Basi useme ganda zima, kilichomo kimeungua. Unanitia kiwewe bure."

Kutoka upande wa pili wa mbao, mashine ya kunyolea ilipungua kasi. Kinyozi alitaka kujua, kwa heshima zote, kama kilichomo kimeungua basi kilichobaki ni kizima kwa maana gani. Mama mkwe alimjibu kwamba magari yanaungua injini na bodi yake inabaki, na watu wanaweka injini nyingine wanaendelea na safari. Kinyozi akakubali kwamba hapo ameshindwa. Mteja wake, kwa sauti, naye akakubali.

Fundi alijieleza kama alivyoweza, isipokuwa sehemu ya waya. Alisema bodi mpya ya hita ile haipatikani, kwa kuwa waliokuwa wakiitengeneza waliacha zamani. Alisema bodi iliyoungua si sawa na waya uliokatika, kwa sababu ule weusi unaobaki ni makaa, na makaa hupitisha umeme pale usipotakiwa. Mama mkwe alisikiliza akitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto akieleza kwa nini hajaoga.

"Si uukwangue huo weusi, uunganishe waya juu kwa juu? Mbona redio uliunganisha?"

"Redio haichemki, mama."

"Kwa muda tu. Mpaka nitakapoondoka."

Basi fundi akakwangua. Asilaumiwe sana. Nyumbani kulikuwa na mke aliyesema itengeneze, mbele yake mkwe aliyesema kwa muda tu, na ndani ya kifua chake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema kwamba ikiwaka, hakuna atakayewahi kuuliza habari za waya mwekundu. Alikwangua weusi mpaka kisu kikakutana na rangi ya bodi. Akatandika nyaya nene mahali pa vile vijia, akalehemu, akapuliza. Safari hii aliweka fyuzi ya kweli, na aliiweka akiwa amegeuza mgongo, kama anayeficha peremende.

Alipochomeka plagi, hita iliguna, ikakohoa vumbi, ikawaka. Nondo zake zikawa nyekundu moja baada ya nyingine. Mama mkwe akanyoosha viganja. Upande wa pili mtu alipiga makofi mara mbili, akaacha, labda kwa kukumbuka kwamba ana wembe shingoni.

"Unaona?" mama mkwe alisema. "Ulikuwa unaringa tu."

Dakika tano zilipita, raha mustarehe. Fundi alikwisha kuanza kutafuta skrubu zake sita. Kazi ilikuwa imekwisha, siri imezikwa, na mtu angeweza kwenda kunywa chai yake iliyokatishwa. Ndipo aliposikia.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Tsss. Kama mtu anayemwita paka bila kutaka wengine wajue. Ilitoka kwenye ukingo wa lile tundu, sehemu ambayo kisu hakikufika, na pamoja nayo kikaja kiuzi chembamba cha moshi. Fyuzi yenyewe ilikuwa imetulia tuli. Umeme uliokuwa ukitambaa kwenye makaa ulikuwa mdogo, haukuzidi kiasi cha kuikata, lakini ulitosha kupika.

Fundi akageuka amtazame mama kama amesikia. Hakuwa amesikia. Alikuwa amefumba macho, miguu mbele, na upindo wa blanketi umelala juu ya nondo za hita, ndivyo alivyozoea. Hapo ndipo fundi alipoliona blanketi kwa mara ya kwanza, japo alikuwa akiliona kila siku. Upindoni lilikuwa na alama za kahawia, mistari sita iliyonyooka, nafasi sawasawa, kama daftari la mkewe. Nondo za hita zilikuwa sita.

Misimu mitatu. Kitanda, blanketi, na waya wa kengele.

Alichomoa plagi. Akaiacha hita ipoe kidogo, akafungua droo, akatoa koleo.

Katika kazi yake ulikuwapo utaratibu aliofundishwa na mwalimu wake, naye hakuwahi kuutumia. Fundi akishaamua kwamba chombo kimekufa, anaukata waya wake wa umeme hapohapo unapotokea, ili asije mtu akakiokota jalalani, akakichomeka, akafa. Mwalimu wake alikata nyaya nyingi, na kila aliyekatiwa alinung'unika. Yeye aliapa hatakata hata mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili koleo lile lilikuwa limekata kila kitu isipokuwa hicho.

Kacha.

Waya ulianguka sakafuni na plagi yake. Mama mkwe akafumbua macho. Nyuma ya mbao mashine ilizimwa kabisa, na mtu akauliza kwa kunong'ona kama hiyo ilikuwa ndiyo sauti ya waya kukatwa. Kinyozi, kwa kunong'ona vilevile, akasema ndiyo.

"Mkwe. Umefanya nini?"

"Haitengenezeki, mama."

Neno hilo lilimtoka likiwa na kutu kwa kukaa sana bila kutumika. Na kwa kuwa mlango ulikwisha funguka, na lililobaki likatoka. Alikichomoa kile kipande chekundu kutoka kwenye uchafu wa meza, akakiweka kiganjani mwake, akamwonyesha. Akasema hapa palikuwa na fyuzi. Akasema aliyeweka waya ni yeye, na kwamba hita haikufa kwa uzee wala kwa umeme wa serikali, imekufa kwa waya huu, na ingeweza kumchukua na mama mwenyewe. Alisema yote bila kuinua kichwa. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, amesimama mbele ya mkwewe kama aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mama mkwe alikichukua kile kipande, akakileta karibu na macho, akakigeuza.

"Hii ndiyo Jumatatu yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema Jumatatu."

"Nilisema."

"Hukusema ya mwaka gani."

Akalivuta lile blanketi, akahesabu kwa kidole ile mistari ya kahawia, mmoja mpaka wa sita. Kisha akainuka, akalikunja blanketi vizuri, kona kwa kona, kama mtu anayefunga mizigo. Fundi alijua kinachofuata: koti, begi, ngazi ya mlangoni, na safari hii hakukuwa na godoro la kurudisha dukani.

"Mama, ukitaka kunikasirikia nikasirikie hapahapa," alisema. "Lakini usiondoke. Utakwenda wapi na baridi hii, paa lenyewe halijaisha?"

Mama mkwe akatazama ukuta wa mbao, akashusha sauti. Haikusaidia kitu, lakini alifanya wajibu wake.

"Paa limekwisha."

"Limekwisha lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa godoro."

Fundi akavuta kigoda, akakaa.

Mama mkwe akaeleza, akikwepa macho yake kama fundi alivyokwepa yake dakika mbili zilizopita. Fundi wa paa alimpigia simu kumwambia kazi imekamilika, aje achukue ufunguo. Akamwambia apake rangi kwanza. Yule akapaka, akapiga tena. Akamwambia rangi ile haikumpendeza, apake nyingine. Sasa yuko kwenye ya tatu, na mara ya mwisho alimuuliza kwa upole kama mama ana hakika anaitaka nyumba ile. Majirani wa kule wanadhani imeuzwa mara tatu.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Nyumba ile haina mtu wa kugombana naye," alisema. "Nikisema kitu, kinabaki palepale nilipokisemea. Kesho yake nakikuta." Akakohoa. "Na usimwambie binti yangu. Atanisahihisha."

Fundi hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alichosema ni kwamba yeye alikuwa na waya wa miaka mitatu na mama ana paa la miaka miwili, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka yeye ndiye mwongo mkubwa, na mama asimnyang'anye cheo. Mama mkwe akamwambia asijisifu, kwa kuwa rangi tatu ni kazi kuliko waya mmoja. Ukutani pakagongwa. Kinyozi alisema samahani kwa kuingilia, ila duka la vifaa vya umeme linafungwa saa saba siku ya leo.

Walikwenda pamoja, mama mbele, blanketi chini ya kwapa. Njiani alimwonya mkwewe mara mbili kwamba kwenda kutazama si kununua. Dukani alizitazama hita zote, akaziinua kupima uzito, akazigonga kwa kidole na kusikiliza, na akamuuliza mwenye duka kuhusu moja baada ya nyingine kama bodi yake ni nzima. Mwenye duka akasema nzima, tazama, haina mkwaruzo. Mama mkwe akamgeukia fundi kwa huruma. "Huyu naye hajui," alimwambia. "Muulize wewe, ile ya ndani."

Wakapata moja inayojizima yenyewe ikiangukiwa na nguo. Mwenye duka akatoa kadi ya waranti, akaandika tarehe, kisha kalamu ikasimama. Alitaka kujua mwenye hita ni nani na anakaa wapi.

Fundi akaangalia dari. Hakuthubutu kumjibia. Alikuwa akilifikiria lile begi kando ya mlango, zipu yake, na mke atakayemuuliza kwa nini hakusikia neno.

Mama mkwe alisogea mpaka kwenye kaunta. "Waranti yake ya muda gani?"

"Miaka mitatu, mama."

"Basi andika nakaa kwa mkwe wangu huyu." Akasubiri kalamu ianze. "Na yeyote asidhani nimehamia. Nipo kwa muda wa waranti tu."

Kalamu ikaandika. Mama mkwe akaisoma kadi, akaikunja, akaitia kifuani. Walipofika mlangoni alisita, akageuka, akamuuliza mwenye duka kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama za miaka mitano hawaleti.

Nyumbani mke wa fundi aliwaona wakiingia na boksi, akasimama, akashika kiti. Alimtazama mumewe, akalitazama begi la mama, akamtazama mumewe tena. Mama yake alimpita bila maelezo, akaingia chumbani, akachomeka hita mwenyewe, akakaa mbele yake na blanketi magotini, mbali na nondo kwa dhiraa nzima. Baadaye alisikika akimwita mkwewe. Alitaka nyundo na msumari, kwa sababu mzee amesimama vya kutosha na miguu yake ilikuwa mibovu hata enzi za uhai wake.

"Mdogo tu," alisema, akishusha kidogo sauti. "Wa kwa muda."

Fundi alikwenda kwenye kopo la misumari. Akapekua, akapita ya nusu inchi, akapita ya inchi moja, akachagua wa inchi nne.